Nyumba Iliyomwogopa Mtangazaji

Nimelala katika nyumba nyingi za milima hii ya Nepali, ndugu zangu, na sikuona iliyotulia kama ya Tikaram, kuhani wa hekalu dogo lililo juu ya chemchemi. Asubuhi mzee aligonga kengele ya mungu wake wa kike, mkewe Chandrakala akachemsha chai ya maziwa, na Ranjita, mke wa mwana wao aliyeko Qatar kikazi, akateremka kwenda kutangaza kwenye redio ya jamii. Jioni walikula wali na dengu wakisikiliza kipindi chake cha nyimbo za ibada, alichokirekodi mchana.

"Leo umekimbia kama mbuzi," Chandrakala alikuwa akimwambia. "Soma polepole, mwanangu."

Jioni moja kipindi cha mazingira kikasema: maji ya chemchemi ya hekaluni yamechafuka, yachemshwe kabla ya kunywa.

Tikaram akaweka sahani chini. "Nani kawapa habari hiyo?"

"Sijui, Baba. Si kipindi changu."

"Si chako. Na hicho kinasa sauti kilichomo mkobani mwako, ni cha jirani?"

Hapo ndipo sumu ilipoingia. Mzee akamnong'oneza mkewe, "Mbele ya huyu funga mdomo. Kila unalosema litatoka redioni." Ranjita akiingia jikoni, mazungumzo yanakatika. Naye akaanza kushuku: wanapanga kunirudisha kwetu. Angeuliza tu. Hakuuliza. Akawa anakula upesi na kupanda chumbani kwake.

Basi Chandrakala akashikwa na homa, tumbo likamkata, chakula hakipiti. Maji alikuwa akiyanywa mabichi, maana mzee alisema kuyachemsha ni kumtukana mungu.

"Usimwambie," Tikaram alimwonya. "Kesho watatangaza kwamba hata mke wa kuhani maji yamemwangusha."

Ranjita alipochungulia, mama alijifunika shali akageukia ukutani.

"Mama, unaumwa?"

"Nimechoka tu. Nenda kazini."

Ranjita akajiambia, hataki hata kuniona. Akafunga nguo zake, akaenda kwa wazazi wake ng'ambo ya mto.

Jirani yao Manrupa ndiye aliyempigia simu. "Wewe umesusa huko, na mama mkwe wako anakufa huku. Wanamteremsha kwenye tenga sasa hivi."

Akawakuta kwenye daraja. Chandrakala alikuwa ndani ya tenga, mgongoni mwa mbebaji, amekwisha kabisa. Ranjita akamshika mkono. Mama akautazama mkoba wake.

"Umekizima hicho kinasa?"

Ranjita akaumwaga mkoba palepale: kitana, ufunguo, pakiti ya biskuti. "Sikuja nacho, Mama. Sema."

Ndipo mama akasema: tumbo, damu, woga, yote. Hospitalini daktari alisema utumbo umetoboka, wangewahi, angepona. Chandrakala hakurudi nyumbani.

Matanga yalipokwisha, Tikaram alikwenda redioni. "Nitajieni mtu mmoja tu aliyesema."

"Hakuna mtu, mzee," msimamizi alimjibu. "Watoto wa shule waliugua. Tukachota maji chupa moja, yakapimwa. Basi."

Tikaram aliketi kwenye benchi la mlangoni mpaka Ranjita alipomaliza zamu, wakapanda mlima pamoja. Sikumsikia akimwomba radhi. Nilimsikia akimwuliza kama amekula.

FUNZO

Redio ikikuambia maji yako ni machafu, nenda kayapime maji. Usianze kumpima aliyeleta habari. Na ukimshuku mtu wa nyumbani kwako, muulize siku ileile, kabla vyombo havijaoshwa, naye akujibu. Ugonjwa wa Chandrakala ulikuwa na dawa, hata kinga yake ilikuwa kuni na sufuria tu. Lakini watu watatu chini ya paa moja walinyamaziana, kila mmoja akidhani anajilinda, na aliyezikwa ni yule aliyekuwa akiwapikia wote.