Mwavuli wa Namba Kumi na Nne

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, mlinzi wa lango la ngome kuu alifungua kufuli, akashika ufagio wake, akaanza kufagia kama alivyofagia miaka ishirini na tisa. Hakufika mbali. Chini ya ukuta wa mashariki, ndani ya tangi kavu la mawe ambamo zamani askari walihifadhi maji, alimkuta mzee wa suti ya kijivu, mguu umekunjika, kucha zimejaa chokaa. Alikuwa amekufa.

Saa mbili na nusu akafika Inspekta wa polisi wa reli, mama wa makamo ambaye wenzake walimwita Polepole. Walimwonea tu. Miguu ndiyo ilikuwa polepole. Macho yalikuwa mbio. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu, abiria wa treni iliyokwama stesheni tangu jana mchana ikingoja injini. Safari yenyewe ni ya siku tatu, na abiria kwa kuchoka kukaa walikwenda kutembea ngomeni. Injini ilikuwa imeshapatikana. Treni ingeondoka saa tano.

"Hakufa alipoanguka," daktari alisema. "Ameishi mpaka karibu na alfajiri. Angeonekana jana, angepona."

Mlinzi alikaa chini palepale, ufagio mkononi. Mkuu wa polisi alikuwa keshapiga simu: mlinzi akamatwe, amemfungia mtu ndani mpaka akafa. Na alibakiza miezi minne astaafu, maskini ya Mungu.

"Niambie unavyofanya kazi," Inspekta alimwambia. "Usiruke kitu."

"Afande, kila anayeingia nampa kibati cha namba. Akitoka anakirudisha, nakitundika ubaoni kwenye msumari wake. Ubao ukijaa, ndani hamna mtu, nafunga. Jana saa kumi ubao ulijaa."

"Huyu alikuwa na namba ngapi?"

"Kumi na nne. Mdogo wake kumi na tano. Niliandika daftarini, saa nane na dakika arobaini. Na fimbo na miavuli inabaki kwangu, maana watu wanachora majina yao ukutani, hawana haya. Huyu aliacha mwavuli mweusi, mpini umezungushiwa waya wa kijani."

"Uko wapi?"

"Umechukuliwa. Kibati kikirudi, mzigo unatoka."

"Nani alirudisha cha kumi na nne?"

Mlinzi aliinamisha kichwa. "Watu walitoka kwa mkupuo. Mimi natazama namba, afande. Sura sitazami."

Mbele ya tangi, lililochimbwa chini kama shimo, kulikuwa na ukingo wa mawe uliofika kiunoni. Mtu hatelezi akauvuka. Inspekta aliupima kwa mkono wake mara mbili, akaenda stesheni.

Saa tatu na robo alikuwa behewa la nne, chumba cha vitanda vitatu. Wa kwanza kuhojiwa alikuwa fundi magari, jitu la miraba minne, vidole vimechubuka. Behewa zima lilimsikia juzi akigombana na mwalimu.

"Mligombania nini?"

"Kitanda cha chini, mama. Mimi na mwili huu nipande juu? Lakini kugombania kitanda na kuua mtu, wapi na wapi!"

"Na hivyo vidole?"

"Breki za treni hii hii. Nilitoka ngomeni saa nane na nusu, nikawasaidia mafundi mpaka jua linazama. Waulize."

Aliwauliza. Mafundi watatu waliapa, na mmoja akalalamika kwamba jitu lile liliwamalizia chai yao yote.

Akabaki mdogo wa marehemu, mzee wa miaka sitini, ameketi dirishani, macho mekundu. Nyuma ya mlango, kwenye ndoano, ulining'inia mwavuli mweusi.

"Pole sana, mzee wangu. Mliachana wapi na kaka yako?"

"Mle ndani. Ngome ilikuwa gereza, baba yetu alifia mle. Kaka akataka kubaki peke yake kidogo. Nikamwacha, nikarudi."

"Hakurudi usiku kucha, hukushtuka?"

"Nilidhani kalala nyumba ya wageni. Mgongo ulikuwa unamsumbua."

Inspekta alimwita mlinzi aliyekuwa akingoja ujiani mwa behewa. Mlinzi aliuona mwavuli kabla hajaonyeshwa. Waya wa kijani ulikuwa palepale mpinini.

"Mwavuli hautoki langoni bila kibati cha kumi na nne," Inspekta alisema taratibu. "Ulimwacha mwenyewe ndani, mwavuli wake ukatangulia kwenye treni. Ukiniambia alikupa kibati kwa hiari, basi ulijua yumo, ukaacha afungiwe. Kama hakukupa, ulimnyang'anya. Chagua, baba."

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Mzee alilia kwa sauti, hata fundi akatoka nje.

"Aliyewaonyesha askari baba alikojificha ni kaka," alisema hatimaye. "Alikuwa na miaka kumi na mbili, walimtisha. Jana ndiyo ananiambia! Sisi tulimsingizia mjomba. Miaka hamsini nimemnyima mjomba salamu. Kafa, nimekataa hata kumzika. Na kaka anaona, ananyamaza. Akanishika bega, nikamsukuma, akapinduka juu ya ukingo. Kibati kilimponyoka, nikakiokota. Hakutikisika. Nikaona amekwisha, nikaogopa."

Alimgeukia Inspekta. "Alikufa palepale, sivyo?"

Inspekta alitoa pingu. Kesi ya mlinzi ilikuwa imekwisha. Mlinzi angeweza kwenda kwake kupumzika. Badala yake alivua kofia.

"Hakufa palepale, mzee," mlinzi alisema. "Na wewe afande niandike, maana sikukwambia. Kibanda changu kiko nyuma ya ule ukuta. Jana jua linazama nilisikia mtu anaita. Nikaenda mpaka langoni na ufunguo mkononi. Nikautazama ubao, umejaa. Nikasema masikio yamezeeka, nikarudi kula."

"Aliita nani?" mdogo mtu aliuliza.

"Hakutaja jina. Alikuwa anasema, 'Mdogo wangu, umefika salama?'"