Mchumba na Bwana Sufuria

Hii mtasema nimeitunga, najua. Someni mpaka chini ndipo mnibishie.

Asubuhi hiyo dada mmoja muuza dawa alikuwa kajifungia stoo ya duka, anamwandikia mchumba wake, fundi friji:

"Wewe ni mtu mzuri. Ila miaka miwili hujanichekesha hata mara moja. Siwezi kuolewa na ukimya. Tuachane."

Dakika kumi baadaye jibu likaingia: "Sawa."

Sawa. Na nukta kaiweka.

Akarudi kaunta macho mekundu. Mwenzake wa dukani akamsogezea simu.

"Futa machozi, dada. Bwana Sufuria katoa mpya."

Bwana Sufuria ni yule jamaa anayeimba kichwa kikiwa ndani ya sufuria yenye matundu mawili ya macho. Anajirekodi mwenyewe, hana studio wala bosi, na hakuna anayesalimika: mwenye nyumba anayepandisha kodi huku anatabasamu, mkubwa wa kazi anayesema "sisi ni familia" ukimgusia mshahara. Dada wa watu alikuwa hamalizi siku bila kumsikiliza. Na tuseme ukweli, ndiye aliyemfanya amwone fundi wake kapooza.

Kinanda kikaanza kudunda:

"Mpenzi wangu akigonga kiti, anakiomba radhi,
mimi nikijigonga, anauliza macho nimemwazima nani..."

Mwenzake akacheka mpaka akaishika kaunta. Dada naye akacheka, halafu akaurudisha wimbo mwanzo, akasikiliza tena.

"Huyo ni mimi."

"Kila mtu husema hivyo kwa nyimbo zake."

"Kukiomba kiti radhi? Hilo analijua mtu mmoja tu."

Akavua koti jeupe, huyo mpaka karakana. Fundi kachuchumaa nyuma ya friji bovu.

"Umenisimulia kwa nani?"

"Sijakusimulia kwa mtu."

"Usinichezee. Bwana Sufuria kanijuaje?"

Fundi akakuna kichwa. Akafungua lile friji. Rafu ya juu, sufuria. Ina matundu mawili.

Dada akaitazama sufuria. Akamtazama fundi. Akarudi kwenye sufuria.

"Ni wewe?"

"Mle ndani sauti inabadilika."

"Mwaka mzima nakuwekea nyimbo zako mwenyewe, unakaa kama umechomwa sindano ya ganzi?"

"Niliogopa. Unavyomcheka yule, nikasema ukijua ni mimi, uso wenyewe huu, utaacha kucheka."

"Na ile 'sawa' ya asubuhi?"

"Nilikaa na simu nyumbani dakika kumi nzima. Maneno yalikuwepo mengi tu. Sufuria ndiyo ilikuwa mbali."

Dada akajitahidi kukasirika, ikagoma. Kicheko kilimtoka mpaka akakaa chini kwenye sakafu yenye grisi, sketi safi na yote. Fundi naye akakaa, akacheka. Kumbe anacheka vizuri.

"Kwa hiyo tumeachana?"

"Nani kasema? Ila ukiwa na mimi, upuuzi wako uniambie uso kwa uso."

"Nisipochekesha je?"

"Tutanyamaza wote. Sasa najua mle ndani kuna kelele."

Fundi akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Dada akaegemea bega lake, kimya, na safari hii kimya hakikumuuma.

Haya, na wewe ungekuwa yeye? Mtu kakuficha mwaka mzima, kisha kakuimba bila ruhusa, watu wanakucheka. Ungekaa kwenye ile grisi, au ungerudi dukani kuuza dawa zako?