Maji Yaliyojaa Ipuli

Mwezi wa kumi Tabora haina tope. Kwa hiyo Leonia alipokuta sebule yake pale Ipuli imetapakaa matope meusi mchana kweupe, alidhani bomba limepasuka. Alilikagua, likawa kavu. Akachukua tambara, akapiga deki. Tangu apigiwe simu kwamba mumewe Silasi amezama kwenye delta ya Rufiji, alikokuwa kibarua wa kupanda mikoko, na kwamba mwili haukuonekana, hakuna kilichomshtua wala kumliza.

Kesho yake tope lilirudi, limechelewa karibu saa nzima. Keshokutwa likachelewa tena vivyo hivyo. Lilinuka chumvi na mayai viza. Siku ya nne vijiti vyeusi vilitoboa saruji, vikasimama wima, urefu wa kalamu, na chini yake kitu kikawa kinavuta pumzi.

"Mama, unasikia?" alimnong'oneza mkwewe, Apolinaria, aliyetoka Nzega kuja kukaa naye msibani.

"Nasikia. Tangu jana."

Wakamwita Mzee Majidi wa Kanyenye, fundi cherehani anayesomea watu Kurani. Alionja tope kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Hili ni jini la mikokoni, kule mto unakoingia baharini," alisema kwa sauti ya chini. "Maji yakijaa leo, litabisha hodi kwa sauti ya marehemu. Msiitikie. Likikosa wa kulipokea, litaondoka na maji yakipwa."

"Na tukiitikia?" Leonia aliuliza.

"Litakaa."

Saa tisa alasiri Mzee Majidi alianza kusoma, na maji yakaanza kupenya chini ya mlango, kimyakimya, yakapanda vidoleni, yakafika vifundoni, yakainua kandambili na kuzima chetezo cha ubani, vijiti vikazama kimoja kimoja, na Leonia akasimama katikati akiyatazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani, mpaka mlango ulipogongwa.

"Mayu," sauti iliita. Ndivyo Silasi alivyomwita mama yake. Hata kikohozi kilikuwa chake. "Mayu, nimelowa. Nifungulie."

Leonia alijiziba mdomo. Alipomgeukia mkwewe, alikuwa amechelewa.

"Pita, mwanangu," Apolinaria alisema. "Pita, baba."

Mzee Majidi alifunga msahafu. Alitoka kwa mlango wa uani, kanzu imelowa hadi magotini, wala hakuaga.

Maji yalikupwa jioni ile. Apolinaria hakurudi Nzega. Hushinda sebuleni kwenye kigoda, miguu ndani ya tope, akizungumza taratibu na mtu ambaye Leonia hamwoni.

Juzi Leonia alimshika mkono waende jikoni wakale. Miguu haikuinuka. Nyayo zilikuwa zimezama ndani ya saruji, nayo saruji imezifunga pande zote.

Leonia akamletea ugali palepale. Akaketi kando yake, akanawa mikono, wakala.