Glavu Iliyokojoa

Kila jioni mama yake Chiriku alirudi kutoka kazini akiwa hoi, akiburuza miguu kana kwamba ameiazima. Kiwandani kwao mawe mazito husagwa hadi kuwa unga, kisha unga huo hupikwa na maji ya kostiki, magadi makali yanayokula ngozi, ndani ya tangi lililofungwa, mpaka madini ya tungsteni yayeyukie majini. Wafanyakazi waliyaita maji hayo "supu", ingawa hakuna aliyewahi kuomba bakuli. Kazi ya mama ilikuwa kuichuja.

Kazi ya Chiriku ilikuwa kukagua glavu za mama. Alizijaza maji, akazikaba shingo, akaminya kidole kimoja kimoja. Glavu ikikojoa, ina tundu, haifai.

Jioni moja Chiriku alikuwa ameteka maji, amefua na ameosha vyombo. Macho yalikuwa yanajifunga yenyewe.

"Mwanangu, glavu umezikagua?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Nimezikagua, mama. Nzima kabisa." Akalala hata kabla uongo haujapoa.

Asubuhi, akienda shule, alikumbuka maneno ya mama: "Kostiki haiji kwa kelele. Inateleza tu kama sabuni. Ukija kusikia maumivu, ngozi imeshaliwa." Mama alikuwa ameshaondoka. Chiriku akageuza njia, akakimbia hadi getini.

"We Chiriku, unatafuta kazi?" mlinzi alimtania. "Sare zetu zitakumeza!"

"Mjomba, tafadhali, mwite mama kabla hajagusa supu!"

Mlinzi aliacha kucheka, akapiga simu ndani. Mama akatoka na aproni yake, glavu mkononi.

"Sikuzikagua," Chiriku alisema akitazama viatu vyake. "Nilikudanganya."

Mama alijaza maji glavu ya kulia kwenye bomba la getini, akaminya. Kidole gumba, kimya. Cha shahada, kimya. Kidole cha mwisho kikarusha uzi mwembamba wa maji hadi kwenye buti la mlinzi.

"Choo kiko kule!" mlinzi aliruka, kisha akaenda stoo kuleta glavu mpya.

Mama alicheka kidogo, akakaa chini kwa uzito. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nimechoka. Ukichoka, niambie, nitakagua mwenyewe. Lakini ukisema umekagua, mimi naingiza mikono."

Jioni Chiriku alileta glavu. "Mama, leo nimechoka."

"Basi lete moja niikague," mama alisema, "nyingine minya wewe."