Kifo cha Transfoma ya Sebuleni

Marehemu alikuwa amelazwa mezani juu ya gazeti, ubavu mmoja umeyeyuka. Alikuwa transfoma, mdogo wa kuenea kiganjani. Uhai wake wote aliutumia darini, akishusha umeme wa nyumba hadi volti kumi na mbili kwa ajili ya taa sita ndogo za sebule.

Inspekta aliinama, akamnusa. Ameungua kweli, maskini.

Mshukiwa alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa fundi umeme, mtaani wanamwita Ngazi. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alikuwa amemshtaki kwa kumfungia vifaa bandia. Inspekta akithibitisha, leseni ya Ngazi inakwenda na maji, na baada ya miaka ishirini ya kutambaa kwenye dari za watu hana kazi nyingine anayoijua.

Mwalimu alieleza kwamba taa zile zilikuwa dawa. Tangu apasuliwe macho, mwanga mkali unamchoma, na gizani anagonga viti. Ndiyo maana akataka zenye swichi ya kupunguza mwanga. Mkewe, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye mitambo ya simu, alimimina chai.

"Ilikuwaje jana, Mwalimu?"

"Nilizungusha kidogo, kama kawaida. Taa zikachezacheza, dari ikavuma, kisha nikasikia harufu."

"Ulizungusha?"

"Nilizungusha."

Inspekta alimgeukia Ngazi. "Swichi uliyofunga inazungushwa?"

"Hapana, afande. Ni ya kugusa. Bapa kabisa."

Inspekta aliagiza umeme uzimwe kwenye swichi kuu, akaufuata ukuta mwenyewe na bisibisi. Kweli, palikuwa na swichi ya kitufe cha duara cha kuzungusha, kikuukuu. Alipoitoa swichi nzima, mgongoni mwake palikuwa na herufi L.

Ngazi alichungulia, akashusha pumzi aliyoibana tangu jana. Alieleza kwamba swichi ya L ni ya transfoma za zamani, zile nzito za koili na chuma. Hizi nyepesi za kielektroniki zinataka yenye herufi C, na ndiyo aliyofunga yeye. Ukiziozesha vibaya huvumiliana wiki kadhaa, kisha mmoja humuua mwenzake.

"Kama ndoa nyingine," Mwalimu alitania. Mkewe hakucheka.

Inspekta alikuwa bado anatazama nyaya. Zile za marehemu Ngazi alizifunga kwa tepu. Hizi zilikuwa zimeshikizwa pamoja kwa uzi, fundo dogo, safi, la mtu mwenye subira.

"Mama," alisema taratibu, "kule kwenye mitambo ya simu, nyaya mlizifunga kwa kitu gani?"

Mke aliweka birika chini.

"Kwa uzi wa nta," alisema. "Ni mimi."

Halafu yakamtoka yote. Mume wake alikuwa akipapasa ukuta, haoni pa kugusa. Kila saa, naomba unipunguzie taa. Mtu aliyefundisha watu kusoma miaka arobaini, sasa anaomba mwanga nyumbani kwake mwenyewe.

"Siku moja nimejilaza mchana, natoka namkuta ameketi, machozi yanamtiririka kwa ule mwanga. Hakutaka kuniamsha. Nikatafuta ile swichi ya nyumba yetu ya kwanza. Ile vidole vyake vinaijua. Nikamwambia fundi ndiye aliyepita kuibadilisha."

"Na fundi ukamwacha azame?"

"Nilijua nikisema, mume wangu atajua nimemhurumia. Hapendi. Kunyamaza nako ni kupanda mchongoma, mwanangu. Fundi, nisamehe."

Ngazi alisema yameisha, Mama, na sauti yake ilikuwa na furaha tupu. Akaongeza kwamba zipo za kuzungusha zenye herufi C. Kesho asubuhi ataleta moja pamoja na transfoma mpya.

Mwalimu aliomba faili la kesi. Inspekta alimwekea kidole mahali pa kuandika, naye akafuta malalamiko kwa mwandiko uliopanda na kushuka. Alimwomba fundi radhi, akimwita kwa jina lake kamili, kama walimu wafanyavyo.

Kisha akanyoosha mkono hewani, kando kidogo ya mahali alipokuwa mkewe. Mke akasogea mwenyewe hadi ukamfikia.

"Nihurumie tu, mke wangu," alisema. "Ila uwe unaniambia."