Noti ya Kicheko

"Pesa ya mke wangu iko wapi?"

Kinyozi angejibuje, na vidole vyangu viko kooni mwake? Nilimng'oa nyuma ya kiti chake cha kuzunguka nikambamiza kwenye kioo. Kioo kikapasuka. Mashine ya kunyolea ikadondoka, ikabaki inaunguruma sakafuni kama nyigu. Mteja aliyenyolewa upande mmoja alitimka na shuka shingoni.

"Sema, au leo unazikwa!"

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Shule niliishia darasa la tano, lakini siku najua kuzihesabu. Daktari wa kwetu alisema uvimbe tumboni mwa mke wangu utolewe kabla ya Ijumaa. Hela ninayo, nimeichomea mageti ya watu ugenini miaka minne. Shida ilikuwa kuivusha mpaka.

Jumatatu nilikwenda benki.

"Wewe ni mgeni mkazi," dada wa dirishani aliniambia, hata macho hakuinua. "Kiwango chako cha kutuma nje kimeisha. Fedha za kigeni hazitoshi, serikali imebana."

"Dada yangu, mke wangu anakufa."

"Jaza fomu. Lete barua ya mwajiri, ya kodi, na ya hospitali yenye muhuri. Zinakwenda Benki Kuu. Siku thelathini za kazi."

"Uvimbe haujui siku za kazi, dada."

"Anayefuata!"

Barua nilizisaka siku ile ile, nikaijaza fomu, nikaiacha pale. Jumanne nikatoa pesa zote, nikampelekea Kinyozi. Sisi wageni wote tulipitia kwake. Unampa pesa hapa, dada yake mwenye duka la vitambaa kule kwetu anamlipa mtu wako. Hakuna risiti. Mtu wako anachagua noti moja mfukoni mwake, anakutumia namba yake, na siku ya kuchukua anaionyesha noti ile ile.

"Asiye na noti hapewi, hata alie damu," Kinyozi alinionya. "Dada atakuwa nazo Alhamisi."

Mke wangu nilimwita Kicheko. Alinisomea namba kwenye simu, akacheka.

"Fundi wangu, hii ndiyo noti pekee niliyobaki nayo. Nimeificha ndani ya mto."

"Ilinde kama roho yako."

"Ndiyo roho yenyewe."

Jumatano benki wakapiga: njoo, muhuri umekaa upande usiotakiwa. Ningekaa zangu nyumbani, pesa ilishaondoka. Nikaenda. Mbele yangu kasimama mheshimiwa mmoja, tumbo limetangulia.

"Ya mwanangu huko ng'ambo. Ada na matumizi."

"Bila shaka, mheshimiwa."

Karatasi moja. Muhuri pa! pa! Katoka. Wanaotunga sheria hawapangi foleni.

Damu ikanipanda. Ngumi yangu ilitoboa kioo cha dirisha. Walinzi watatu wakanishukia kwa virungu, jino la mbele likaruka. Nikalala selo. Simu yangu wakaizuia, eti ni ushahidi.

Alhamisi mchana waliponitoa, Mrefu, mwenzangu wa karakana niliyekwenda naye benki, alikuwa langoni na simu yake mkononi.

"Shemeji kaandika."

Nikasoma: "Mwambie fundi wangu wamekataa kunipa." Nikaipiga namba yake, haipatikani. Basi sikuuliza la zaidi. Nilikwenda kwa Kinyozi mbio.

Ndipo nikamvunja taya. Nilisikia mfupa ukilia chini ya ngumi yangu, na sitasema uongo, niliona raha.

"Mpigie... dada," aligugumia, damu ikimwagika kwenye aproni. "Mpigie mwenyewe!"

Mrefu alipiga, akaweka sauti ya nje.

"Mwanamke alikuja mikono mitupu," dada mtu alisema. "Noti hana. Bado amekaa hapa mlangoni, hataki kuondoka."

"Mpe simu!" nilifoka.

Nikasikia pumzi yake. Fupi, kama ya mtu anayepanda ngazi.

"Fundi wangu?"

"Noti iko wapi?"

"Nimeitumia."

"Umeitumia! Kwa nini, Kicheko?"

"Jana Mrefu alinitumia picha yako. Uso wote damu, askari wamekukalia mgongoni. Nilidhani umekufa. Nikanunua vocha nikupigie. Nimepiga mpaka vocha ikaisha, na simu nayo ikazima. Leo nimemwandikia Mrefu kwa simu ya kuazima."

Nilimtazama Mrefu. Alitazama chini. Nilitazama ngumi yangu.

"Usinigombeze," alisema. "Nilikuwa na noti moja, na mume mmoja."

Kinyozi alinyoosha mkono, akaivuta simu. Alisema kwa kushikilia taya.

"Dada, mpe pesa zake."

"Bila noti? Si wewe uliyeweka masharti, kaka?"

"Mpe! Nimemsikia, ni yeye. Mtu hawezi kuigiza hivyo. Akiwa siye, nitalipa mimi."

Akanigeukia.

"Ungeuliza kwanza, bwana fundi. Mdomo ulikuwa nao."

Hata samahani sikuwahi kusema. Polisi waliingia wakipiga teke mlango, virungu juu. Mimi kwa kujeruhi, yeye kwa kubadilisha fedha bila kibali. Walimpiga kwenye taya lile lile. Nilijitupa juu yake, virungu viwili vitatu nikavipokea kwa mgongo. Ndiyo samahani niliyokuwa nayo.

Kicheko alifika hospitali jioni ile ile, pesa kifuani. Dirisha la malipo lilikuwa limefungwa dakika ishirini kabla. Wakamwambia arudi asubuhi. Kulipokucha, uvimbe ulikuwa umepasuka.

Mrefu alileta habari kwenye nondo za selo. Nilipiga kichwa ukutani mpaka ukuta ukawa mwekundu. Aliyenishika, akaweka kiganja chake kati ya kichwa changu na ukuta, ni Kinyozi.

"Piga hapa," alisema. "Mimi nimeshavunjika tayari."

Wiki ya saba wakanifukuza nchini, wakanirudishia simu. Nikaiwasha. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa benki:

"Ndugu mteja, ombi lako la kutuma fedha nje limekubaliwa. Mpokeaji afike yeye mwenyewe."

Afike yeye mwenyewe! Wamfukue basi, hao wenye mihuri.

Wa pili ulikuwa wa Jumatano ile, usiku:

"Fundi wangu, nimepiga mara kumi na moja. Usipigane na watu kwa ajili yangu. Picha inaonyesha wamekutoa jino. Si neno, nitakupenda na pengo lako. Tena nitalicheka kila siku. Rudi tu."

Nimerudi. Watu huniuliza kwa nini siweki jino la bandia. Nawaambia kuna mtu aliniahidi kulicheka pengo hili.