Gitare Yenye Haingoye Muntu

Kila siku Lydie anatoka ku masomo, anaweka mufuko ya bitabu nyuma ya mulango, anakamata bidon ya njano na anaenda kuteka mayi kwa jirani. Akirudia, anafagia lupango, anaosha masahani, anawasha makala mu mbabula. Mama yake Christiane iko ku soko ya Katuba, anauzisha sombe, majani ya muhogo, na tomate, na atarudia mangaribi na miguu yenye kuvimba. Mi njo kambo yake, baba ya mama yake. Niko mu kiti yangu hapa ku ukuta, penye jua inafika kidogo. Siwezi tena kumusaidia na bidon, magoti yangu ilikataa. Ninamusaidia na kusema, na kwa kusema ningali na nguvu.

Kisha kazi yote njo anatosha gitare ya yomba yake Faustin, ndugu ya mama yake, na anaketi chini. Ni gitare ya zamani. Kamba moja ilikatika, Faustin akaweka waya ya freni ya velo, na ile waya inakata bidole. Batoto benye munasoma hapa musifikiri kama ni kintu ya raha. Mutoto anatoka ku masomo na njaa, anabeba mayi, na kisha pale anaketi kuumiza bidole. Mara moja nilimukuta analala juu ya gitare, shavu ku kamba, na alama ya kamba ilibakia ku uso paka asubui.

Sasa niwaambie juu ya nini alikuwa anajisumbua vile. Bibi yangu Edith, mwenye nilioa, kambo yake mwanamuke, alitutoka mwaka yenye ilipita. Kwetu, mwaka ikitimia, jamaa inatosha matanga: bote banakutana, tunaenda ku misa, tunakula pamoja, na kisha pale hatuvae tena nguo nyeusi. Na Edith alikuwa na wimbo yake. Mangaribi, wakati anatwanga sombe mu kinu, alikuwa anaita batoto yake mu ile wimbo, kuanzia mukubwa. Anaimba: «Nkandu, uko wapi, giza inakuya.» Na Nkandu, hata kama iko nyuma ya nyumba anacheza, anapashwa kuitika: «Mama, niko.» Kama haiitike, Edith haende ku jina ingine. Anatwanga tu, anarudilia, anangoya. Njo vile alikuwa anajua kama batoto bote balisharudia mu lupango. Hakuwa na saa, hakuwa na telefone. Alikuwa na kinu na mudomo yake.

Basi siku moja jamaa ilikuwa inakutana kupanga ile matanga. Tulisema juu ya sufuria, juu ya unga, juu ya nani atalala wapi, paka bantu bote balichoka. Njo Lydie akasimama na akasema ataimba wimbo ya kambo Edith, na gitare, yeye peke. Bote bakapiga mikono. Hakuna muntu alimuuliza kama anajua. Na habari ikaenda mbio, ikafika paka Sakania, kwenye Nkandu, mutoto yangu wa kwanza, aliolewa. Nkandu akatuma neno kama atakuya, hata na miguu yake ya ugonjwa, juu ya kusikia ile wimbo tena mbele hajafa.

Lakini Lydie hakujua. Gitare alikuwa anapiga kidogo. Kuimba alikuwa anaimba muzuri sana. Bile bintu mbili pamoja njo bilimushinda. Akifungua kinywa, mukono inasimama. Mukono ikienda, kinywa inajifunga, ao maneno inaanza kufwata bidole na wimbo inakuwa sawa muntu mwenye kigugumizi. Faustin, akirudia na vumbi ya chantier, kwenye banajenga nyumba, mu nywele, alikuwa anamuambia aache kuimba kwanza, mukono izoee. Lydie alikuwa anaona siku zinapita. Alilia, tena, mi nilisikia.

Njo Hénoc akaingia mu mambo. Hénoc ni mutoto ya Faustin, kijana ya akili, lakini akili yake inapenda njia ya mufupi. Akamuambia Lydie kama alishakamata mu telefone baba yake anapiga ile wimbo, safi, mwanzo paka mwisho. Bataweka telefone ku baffle, ile sanduku ya sauti, chini ya meza, na kitambaa juu. Lydie ataimba na atachezesha bidole tu.

Lydie aliuliza kama haiko uongo.

«Uongo gani?» Hénoc akacheka. «Ile ni playback. Hata ba musicien bakubwa ku televizio banafanya vile. Weye uko mukubwa kubapita?»

Alikuwa amechoka, mutoto. Akakubali.

Ilibakia juma moja, Nkandu akafika. Alishuka na kitambaa ku kichwa na miguu sawa mito ya kulalia, na mbele hata ya kunywa mayi akauliza mutoto mwenye kuimba iko wapi. Tukaketi mu lupango, shiye benye nyumba tu, na batoto ya majirani banachungulia juu ya lukuta, ukuta ya lupango. Lydie akakamata gitare. Hénoc akapita nyuma ya meza. Na gitare ikaanza. Mi niliona Faustin anainua kichwa, anaangalia mukono ya Lydie, anaangalia meza.

Lydie akaimba: «Nkandu, uko wapi, giza inakuya.»

Sasa, Nkandu sikio yake moja haisikie muzuri, na macho yake ilikuwa imejaa machozi. Alikuwa anatafuta kitambaa yake mu nguo. Hakuitika. Lydie akanyamaza kumungoya, sawa Edith alikuwa anafanya, na mukono yake ikasimama vilevile, ikaning'inia. Lakini gitare haikusimama. Ilienda tu. Ilipita pa Nkandu, ikaingia ku jina ya pili, ku ya tatu, muzuri, safi, na mukono ya Lydie hewani.

Batoto ya ku lukuta bakaanza kucheka. Moja akasema gitare ya Lydie iko na bashetani, inajipiga.

Nkandu alikuwa amepata kitambaa yake. Akapangusa macho, akaangalia huku na huku.

«Gitare inakimbia wapi?» akauliza. «Mi bado sijaitika.»

Hakusema kwa hasira, na njo vile iliumiza zaidi. Hénoc akazima telefone. Lydie akaweka gitare chini, akaingia mu nyumba.

Christiane akamufwata. Alikuwa ametoka ku soko sasa hivi, na kitunga ilikuwa ingali ku mulango. Akaketi ku kitanda, akatosha viatu. Mi nilikuwa ku dirisha, nilisikia yote.

«Ulichoka?» akauliza.

«Ee, mama.»

«Mi pia nilichoka. Basi tuseme mufupi. Nani alikuwa anapiga?»

«Yomba Faustin. Mu telefone ya Hénoc.»

«Na weye?»

«Nilichezesha bidole tu. Nilisema mbele ya bantu kama ninaweza, na siwezi. Nilisikia haya kurudia kusema siwezi.»

Christiane hakupiga, hakufoka. Akasema aende mwenyewe kumuambia tantine Nkandu, dada mukubwa ya mama yake, juu njo yeye aliacha kitanda yake Sakania na miguu ya vile. Lydie akaenda. Akapiga magoti mbele ya tantine yake, akasema yote bila kuficha kosa yake wala kusukumia Hénoc. Hénoc akakuya mwenyewe nyuma yake na akasema ile mawazo ilikuwa yake.

Nkandu akabasikiliza na ile sikio ya muzuri. Akasema imbeni bila gitare, ao tafuteni gitare yenye kungoya, yeye habague. Lakini asiitwe tena na muntu mwenye hamungoye.

Kesho yake Christiane alikuwa anatwanga sombe, na jirani yetu Mulenga alikuwa ku lukuta anamuchokoza, kama sombe yake iko na muchanga. Christiane akamujibu, Mulenga akajibu, bakachekana, bakatukanana kidogo ya kirafiki, na muti ya kinu inapanda na inashuka, haikukosa hata mara moja. Faustin akamugusa Lydie ku bega.

«Angalia mukono ya mama yako. Inasikiliza Mulenga?»

«Hapana.»

«Inajua kazi yake, njo maana kinywa iko huru. Tutaanzia pale.»

Akamukatazia bile bidole yote ya kupamba wimbo. Akamuachia kidole gumba peke, kamba ya chini na kamba ya katikati, kwenda na kurudia, sawa muntu anatembea. Kisha akamuketisha ku mulango ya lupango, njiani. Na munajua kwetu: mutoto hawezi kuona mukubwa anapita bila kusalimia. Basi kazi yake ilikuwa ile: kidole haisimame, na kila mukubwa mwenye anapita asalimiwe vizuri.

Siku ya kwanza ilikuwa taabu. «Jambo, mama», kidole inasimama. «Jambo, papa», kidole inakimbia. Mulenga aliona ile mambo, akaanza kupita makusudi. Anaenda, anarudia, anauliza habari ya masomo, habari ya kambo, habari ya kuku, na Lydie anapashwa kumujibu na heshima. Mutoto alikuwa anaingia mangaribi na kidole nyekundu na shingo inauma, anakula bukari, ile ugali yetu, macho inafunga. Hakuna muntu alimusifu. Shiye bote tulikuwa tumechoka na ile gitare, ni kweli, ilikuwa kintu moja ile asubui na mangaribi, ndu-ndu, ndu-ndu.

Halafu siku moja Mulenga akapita, akasimama, akaanza kumuelezea juu ya mutoto yake mwenye surua, maneno mingi. Lydie akasikiliza, akauliza mutoto anaendelea je, akasema pole. Mulenga alipoondoka njo Lydie akaangalia mukono yake. Ilikuwa inatembea. Haikusimama tangu mwanzo. Hakucheka, hakuruka. Aliegemesha kichwa ku mulango na akaanza kuimba polepole.

Siku ya matanga tulitoka ku misa, lupango ikajaa paka njiani. Lydie akaketi katikati na gitare yake ya waya. Hakuna meza, hakuna kitambaa. Na kidole moja tu: ndu-ndu, ndu-ndu. Bamoja kati ya bageni balitazamana, juu ile sauti ya gitare ilikuwa kidogo sana. Alikosa neno moja, akarudilia.

«Nkandu, uko wapi, giza inakuya.»

Nkandu alikuwa analia. Hakuitika. Kidole ikaendelea kutembea. Lydie akaita tena, polepole, akimuangalia. Kidole ikaendelea. Batoto ya ku lukuta habakucheka. Akaita tena.

«Mama», Nkandu akasema, na sauti ikakatika, akaanza upya. «Mama, niko.»

Njo Lydie akapita ku jina ya pili. Faustin akaitika, ile mwanaume mukubwa, sawa mutoto. Christiane akaitika. Na mi, mwenye Edith hakuniita hata siku moja mu ile wimbo, nikasema pia niko.

Kisha chakula, wakati bantu banatafuta viatu yabo, Nkandu akamuita Lydie, akamukamata mukono, akageuza kile kidole chenye malengelenge.

«Ile ya telefone ilikuwa muzuri kupita hii», akamuambia. «Hata mi na sikio yangu nilisikia. Lakini haikujua kama niko pale. Kintu yenye hujaweza, mutoto yangu, sema tu hujaweza, halafu keti ujifunze, hata kama inachokesha. Bantu ya kwenu batakungoya.»